Moto Uliozimwa kwa Ajili ya Nyota

Elirehema mjukuu wangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, ndivyo tulivyofundishwa misheni. Mimi sikuulizi. Hali yako naijua. Jioni nimekuona ukipita na mzigo wa nyasi kavu kichwani kwenda kufungia vile vioo vya picha vya Bwana Giza, na ulipofika uwanjani kwangu ulitazama chini mpaka ukapita mgomba wa mwisho. Mtu hatazami chini kwa sababu ya nyasi.

Umesema utalala huko huko kilimani mpaka vioo vyote viingie kwenye makasha, na asubuhi utapita kuniaga mbio mbio kabla lori halijashuka Same. Mimi kwa mdomo sitaweza. Ukisimama mbele yangu na hicho kimo chako nitaanza kukuuliza kama umekula, nawe utasema "Bibi, nachelewa," na itakuwa imekwisha. Kwa hiyo nimewasha koroboi, nimetafuta kalamu ya risasi, nimekaa. Nikimaliza, kijana wa jirani atakuletea huko kilimani usiku huu huu. Naandika Kiswahili kwa kuwa ndicho walichotufundishia herufi. Kipare chetu sijui kukikalisha kwenye karatasi. Nilisoma mpaka nilipoolewa, baada ya hapo nilisoma maandishi ya sabuni na Biblia. Ukikuta neno limeanguka liokote mwenyewe, usicheke.

Habari za sweta na mafuta ya kujipaka sitaziandika. Unapanda meli Tanga, unakwenda nchi ya kusini kwenye nyumba yenye darubini kubwa kuliko hii, na huko watu wazima hawakumbushwi kunawa. Nina jambo moja tu. Ni Mama Nakijwa. Unaondoka hujamwambia ukweli, na mimi sitaki uondoke hivyo. Sasa umeshajua barua inakwenda wapi, unaweza kukunja uso mapema. Kisha usome.

Yule mgeni tuliyempa jina la Bwana Giza alipofika na wapagazi wake, watu walidhani anatafuta madini. Alipanda kilima kile kisicho na miti, akajenga kibanda cha mabati chenye paa la kusukumwa pembeni, na kila mtu akasema huyu ana kichaa, nani anajenga nyumba ya kufunua. Wewe ulikuwa umemaliza shule, unazunguka zunguka hapa na suruali yako iliyopigwa pasi, hutaki jembe. Akakuchukua ubebe. Halafu utafsiri. Halafu siku moja ukaja kuniambia, kifua mbele, kwamba sasa unaketi kwenye kiti chenyewe na jicho lako liko kwenye darubini.

Nilikuwa na fahari, sikatai. Nilikwenda kwa shemeji yangu bila sababu ili nimwambie.

Ulinieleza kazi yenyewe mara nyingi, nami nilijifanya sielewi ili uieleze tena. Kwamba darubini ziko mbili zimefungwa pamoja, kubwa ya kupigia picha, ndogo ya wewe kuchungulia. Kwamba ndani ya ndogo mna nyuzi mbili zinazopishana, nyuzi za buibui, na zilipokatika Bwana Giza alikuja jikoni kwangu na kijiti kutafuta buibui wengine, akitazama dari langu kama mtu aliyeingia kanisani. Ndiyo mara ya kwanza mgeni kusifu masizi yangu. Kwamba kazi yako ni kuishika nyota moja pale nyuzi zinapopishana, kwa kuzungusha skrubu kidogo kidogo, kwa sababu mbingu inasogea na ile saa ya kuendeshea darubini haina akili ya kutosha. Ukisinzia, nyota zinakuwa vistari na kioo kinatupwa. Na baridi ile ya kilimani, na wewe huruhusiwi hata kutetemeka.

Nikakuhurumia. Nikapika uji, nikaweka makaa kidogo kwenye kigae chini ya chungu usipoe, nikapanda. Unakumbuka ulivyonipokea?

"Bibi, rudi nyuma. Mwanga."

"Mwanga gani, mimi nimebeba chungu."

"Makaa yako yanaonekana."

"Makaa haya? Hata panya hawezi kuotea."

Bwana Giza naye akatoka gizani mikono juu kama anazuia ng'ombe. "Mama, pole, mama, moto hapana." Nikamwaga makaa yangu kwenye umande, nikasimama hapo nanuka moshi, mwenye nyumba katika mlima wake mwenyewe. Baadaye alinionea aibu, akaniruhusu nichungulie. Kwanza ulinionyesha kwa macho matupu upande wa kusini nyota moja iliyofifia, yenye ukungu ukungu. Hiyo nimeiona tangu nachunga mbuzi, nikadhani ni macho yangu. Kisha nikaweka jicho. Nikaona ulezi umemwagika juu ya nguo nyeusi, katikati umerundikana mpaka hauhesabiki, pembeni umetawanyika punje moja moja. Ukasema hicho ndicho kishada, kwamba viko vishada vingi namna hiyo, na kwamba nyota zile ni wazee kuliko mlima huu, kuliko jua, na tangu mwanzo zinakaa pamoja.

Nikakuuliza, "Zinapendana au zimeshindwa kuondoka?"

Ukasema kila moja inavutwa na wenzake wote. Usidhani sasa nitakuambia ukoo wetu ni kama hizo nyota. Ukoo wetu hauvutani hivyo. Ukoo wetu una Korogwe, una Moshi, una mashamba ya mkonge. Nilitaka tu ujue kwamba niliona, na kwamba ilikuwa nzuri, na niliposhuka kilima nilikuwa sijakasirikia makaa yangu. Kwa hiyo usiseme Bibi hakuielewa kazi. Niliielewa. Najua kwamba picha ile ilihitaji giza. Ubaya wako haukuwa kutaka giza.

Ubaya ni ule mkutano kwa jumbe.

Wewe ulisimama, ukaweka mikono nyuma kama karani, ukasema imetoka amri bomani: siku za giza la mwezi, upande huu wote wa mlima usiwashwe moto wa nje, si uwanjani si shambani, mpaka picha ziishe. Mzee Sekiete akauliza, "Amri ya Bwana Shauri mwenyewe, mkuu wa boma?" Ukasema, "Ya bomani, mzee." Akauliza tena, "Na nguruwe wa msituni?" Ukasema amri haikutaja nguruwe. Wanaume wakacheka kidogo. Halafu wakanyamaza.

Unajua kwa nini walinyamaza. Watu hawa walishuka Same kwa ajili ya kodi, wakakaa mbele ya boma siku nyingi, wakalala nje na kuimba, wakarudi wamekonda. Tangu hapo boma likitajwa hakuna anayeuliza mara ya tatu, wengine kwa hofu, wengine kwa kuchoka tu. Ulilijua hilo vizuri. Umelisikia humu humu ndani tangu unaota jino. Ukalichukua ukalifanya fimbo.

Mimi nilikuwa upande wa wanawake. Nilinyoosha shingo waone kuwa msemaji ni wa kwangu.

Nitasema na la kwangu hapa, kwa sababu liko hapa. Mahindi yakianza kutia maziwa, kila nyumba hupeleka mtoto kulala shambani, kwenye dungu, ajifunze kulinda. Binamu zako wote wamelala huko. Wamepigwa na baridi, wameogopa, wamekaa karibu na ule moto wakisikia nguruwe wanapumua ng'ambo ya mwanga. Wewe sikukupeleka. Mama yako alikuwa ameshafariki, baba yako ndiyo hivyo, nikasema huyu ana kichwa cha kusoma, atapata kikohozi. Nikampeleka mtoto wa shemeji yangu badala yako na nikampa ndizi. Kwa hiyo ulipowaambia watu wazime moto, wewe ulikuwa unazungumzia mwanga. Hukujua kwamba unazungumzia ukuta. Nguruwe anaogopa moto, haogopi mtu. Ukiuondoa moto umeubomoa ukuta. Hilo halimo kitabuni, linapatikana pale kwenye dungu tu, na mimi ndiye niliyekunyima. Nakusema wewe na najisema mimi, tugawane.

Lakini kuna kipande ambacho sigawani na mtu.

Mama Nakijwa alikuja hapa, unakumbuka. Mjane, na shamba lake ni lile la chini kabisa, linaloshikana na msitu, tena linatazamana na kilima chenu uso kwa uso. Hana mbwa. Mwanamume wa nyumba yake ni yule mtoto anayembeba mgongoni. Alikaa pale mlangoni akakusubiri umalize kula. Akasema kwa adabu kabisa, na wewe ni mtoto kwake:

"Baba, wewe unajua maneno ya bomani. Nikiwasha kidogo tu, nikafunika na debe, wataona?"

Ukafuta mdomo. Ukasema, "Amri ni amri, mama."

"Hata kwa debe?"

"Amri ni amri."

Akaondoka. Akasema asante. Akakaa gizani na watoto wake anapiga debe usiku kucha, nasi huku juu tulilisikia, tukalizoea, tukalala. Nguruwe nao walilizoea. Asubuhi moja nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta ameketi katikati ya shamba anaokota vigunzi, anaviweka kwenye khanga kimoja kimoja, kana kwamba bado vina kitu. Mabua yote yamelazwa. Hata maharage yaliyo chini ya mahindi yamefukuliwa. Hakulia. Aliniambia, "Serikali imekula, bibi." Nikamsaidia kuokota. Wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa naamini ni serikali.

Na siku ile ile wewe ulikuja mbio na kioo umekifunga kwenye shuka, uso wote meno.

"Bibi, imetoka. Tazama, imetoka safi."

Ukakiinua dirishani. Nikaona kioo cheupe chenye vidoa vyeusi, kama siafu waliokizunguka kipande cha sukari. Ukanieleza kwamba picha hutoka kinyume, nyota zinakuwa nyeusi na giza linakuwa jeupe, na kwamba kila kidoa ni jua zima. Nikakuuliza, "Hawa ndio waliokula mahindi ya Mama Nakijwa?"

Ukasema, "Nyota hazili, Bibi."

Nikasema, "Basi kuna aliyekula kwa niaba yao."

Ukakasirika. Ukaondoka na kioo chako. Nilitaka kukuita, sikukuita. Nilidhani una huzuni ya kijana ambaye kazi yake nzuri imeangukiwa na amri ya watu wengine. Nilikuonea huruma tena. Kumbuka hilo: nilikuonea huruma.

Halafu Bwana Giza akaja kuaga. Sukari mkononi, kofia kwapani, amekaa kwenye kigoda magoti yakimfika kidevuni. Wewe umesimama mlangoni.

"Mama, mimi nasema asante. Watu ya hapa nzuri sana. Mahali ingine mimi naomba giza, watu nakataa, mimi nahama. Hapa mimi nauliza, watu nasema ndiyo. Kwa moyo."

Nikasema, "Uliuliza nani, bwana?"

"Yeye," akakuonyesha kwa kidole gumba. "Yeye naenda kuuliza. Mimi nasema kwake, kama mtu moja tu hapana, basi, tunafunga, tunahama mlima ingine."

Ukaanza kukohoa. Mimi nikasema karibu chai.

Sijui kama umewahi kummiminia mtu chai huku unajua kwamba nyumba yako imeanguka na yeye haoni. Nilimwuliza habari za mama yake, akasema amekufa, nikampa pole. Akatoka ameinama mlangoni, na wewe ukataka kutoka naye.

"Kaa."

"Bibi, kuna vioo—"

"Kaa chini, Elirehema."

Ukasema yale uliyosema. Kwamba ungewauliza wangebishana mwezi mzima, na kishada kile hakingoji, kinashuka, mvua zinakuja, ndiyo mpaka mwakani. Kwamba mwishoni wangekubali tu, kwa hiyo wewe ulifupisha njia. Nami nakubaliana nawe. Wangebishana. Mzee Sekiete angezungumza habari za babu yake mpaka watu wasinzie. Lakini Mama Nakijwa angesimama aseme shamba langu liko chini kabisa, mnanisaidiaje. Hapo wangebishana tena, na mwisho pembe ingepigwa, wanaume wangegawana zamu, wangekaa shambani kwake na mikuki na mbwa mpaka picha zako ziishe. Ndivyo tunavyofanya. Yale mabishano unayoyaona kelele ndiyo yanayomtafutia mjane mlinzi. Wewe uliyaruka mabishano, ukamruka na yeye.

Halafu ukasema, "Nitamtumia kitu, nikianza mshahara." Na hilo ndilo lililoniondolea usingizi tangu siku ile, zaidi ya uongo wenyewe. Nilikwisha kulisikia. Lilisemwa humu humu, na mtu wa sura yako.

Baba yako hukumjua vizuri, na mimi sijakuambia alivyoondoka. Nimekuambia alikwenda mkonge kutafuta. Sivyo. Ulikuwa mwaka wa jua kali. Ndiva yetu, lile bwawa la udongo pale juu tunalolijaza usiku na kulifungulia asubuhi kwa zamu, ilikuwa inajaa nusu tu. Mbazi, baba yako, alikwenda akaifungulia kabla ya siku yake. Mahindi yake yakanywa. Miche ya mboga ya watu watatu wa chini ikakauka, na mmoja wao ni yule Sekiete unayemwona. Wakataka kumwita barazani. Akaniambia, "Mama, nishuke kwanza mpaka mambo yapoe. Nitawatumia kitu."

Desturi unaijua. Anayesafiri hukaa mbele ya mzee, anaulizwa kwanza, "Una neno na mtu?" Akiwa nalo analisema, linakwenda kumalizwa. Ndipo mzee anapiga funda la maji, anamtemea kifuani, anakwenda na amani. Mchungaji haipendi desturi hiyo, mimi naye tumekwisha kuelewana: yeye hapendi, mimi natema. Mbazi alikaa mbele yangu. Sikumwuliza. Nilijua jibu, nikaogopa kulisikia, nikatema maji hivyo hivyo. Nikampikia makande ya njiani. Kesho yake Sekiete alipokuja nikasema mwanangu anaumwa, hatoki nje. Nikasema hivyo siku kadhaa, mpaka naye akaacha kuuliza kwa aibu yangu.

Sasa sikiliza kilichotokea, kwa sababu ndicho ninachojua mimi na wewe hujui. Watu walisahau. Mvua ilinyesha, ndiva ikafurika, Sekiete mwenyewe akaniletea mboga. Baada ya misimu kadhaa hakuna aliyekumbuka zamu ya nani ililiwa. Lakini Mbazi hakuwepo kuona wanasahau. Yeye alikwenda na watu wenye hasira, na kichwani mwake wamebaki na hasira hiyo hiyo mpaka leo. Wako pale pale, hawazeeki. Yuko Korogwe, ana mke mwingine, hutuma salamu na shati kila anapopita mtu wa huku. Mara moja alipanda treni akaja mpaka Same. Mtu wa Mbaga alimwona stesheni, ameketi kwenye mzigo wake, anatazama huku juu milimani. Treni ya kurudi ilipokuja akapanda. Mimi nilikuwa nimeletewa salamu kwamba anakuja, nimeshapika.

Hakufukuzwa na mtu. Alijifungia mwenyewe kwa nje, na mimi ndiye niliyemshikia mlango.

Kwa hiyo wewe sitakutemea maji kesho. Usiningoje mlangoni umefungua vifungo vya shati. Na ukiniuliza kwa nini nisimwambie mimi Mama Nakijwa, mimi ninao mdomo, ni kweli ninao. Ningeweza kushuka. Magoti yangu yanashuka, kupanda ndiyo shida. Lakini nikisema mimi, yeye atakuwa amejua, na wewe utakuwa bado hujasema. Hapo ndipo utakapoanza kuketi kwenye mizigo stesheni.

Wewe unadhani ameshasahau, kwa sababu humwoni. Humwoni kwa sababu hayupo. Alifunga nyumba akateremka Kihurio na watoto wote, anaamia ndege kwenye mpunga wa watu, jioni anapewa mchele anapika. Yule mdogo ameshikwa na homa ya bondeni. Wanawake wa soko wanasema macho yamekuwa makubwa na shingo imekuwa nyembamba. Sijui kama atapona. Sikuandikii ili nikutishe, naandika kwa kuwa ndivyo ilivyo, na kwa kuwa nimekaa nalo peke yangu vya kutosha. Na mama mtu mpaka leo, akifukuza ndege, anawalaani watu wa bomani. Anamlaani mtu ambaye hakufanya. Bomani wana yao mengi, nisingewapa na lako.

Ukifika usianze na maneno mengi. Usimwambie habari za jua na wazee wa nyota. Usimpe kitu kwanza mkononi, maana akikipokea hataweza tena kukukasirikia, na hiyo ni hila, nimeitumia mimi mara nyingi. Mwamkie. Mwambie hakukuwa na amri, nilisema mimi. Halafu nyamaza. Atakalosema lisikie mpaka mwisho, hata likiwa baya, hata akikutukania mama yako aliyekufa. Hata akinitukana mimi. Labda hatasema kitu, ataendelea kurusha mawe kwa ndege. Utakaa hapo.

Siwezi kukuahidi kwamba atakusamehe. Mimi mwenyewe sijui kama ningesamehe. Lakini atakuwa na hasira na wewe, mtu anayemjua, mwenye sura, aliyefika mpaka shambani kwake. Hasira ya namna hiyo huwa inazeeka.

Najua unasema lori linaondoka na njia yake ni Same, Kihurio iko upande mwingine kabisa wa mlima. Najua milima hii, nimeitembea na mimba. Mchana nilipanda kilimani ulipokwenda kukata nyasi. Nikamwambia Bwana Giza kwamba treni ya Tanga ikitoka Same inapita Mkomazi, na wewe utaingilia Mkomazi.

"Kwa nini Mkomazi?" akauliza.

"Ana neno na mtu Kihurio."

Akanitazama. Huyu bwana si mjinga, ni mgeni tu. Akasema, "Neno kubwa?"

"Kubwa kidogo."

"Mimi nangoja yeye dirishani," akasema. Sikumwambia zaidi. Ukitaka ajue, utamwambia mwenyewe kwenye meli, mtakuwa na nafasi.

Basi usipoteze muda kutafuta chini ya kitanda. Sanduku lako halipo. Leo asubuhi wanawake wa soko walipokuwa wanateremka na ndizi niliwapa walibebe, na sasa hivi liko Kihurio, kwa Mama Nakijwa, kwenye kibanda anacholala. Viatu vyako vimo, na koti, na karatasi zako zote za safari, na ile picha ya kishada aliyokupa Bwana Giza. Nimewaambia wamwambie kwamba mwenye sanduku anakuja kulifuata. Hawakuniuliza kwa nini na sikuwaambia.

Njia ya chini ni ile inayopita nyuma ya kanisa. Ukiondoka sasa hivi utafika bado anafukuza ndege wa asubuhi. Kutoka hapo utafuata barabara ya Bendera mpaka Mkomazi, na treni haipiti mpaka kesho kutwa, kwa hiyo usiniambie unachelewa. Atakutolea sanduku, ni mtu wa adabu, atakutolea hata kabla hujaketi. Usilipokee. Mwambie kwanza.

Ni mimi Bibi yako